VVU: Kirusi Kinachotumia Vibarua wa Shamba Lenyewe

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Damu ilipopimwa mwaka 1987, watu wazima 24 katika kila 100 mjini Bukoba walikutwa na VVU. Wilayani Muleba walikuwa 10.

Madhara yake Kagera inayajua kwa makaburi. Jinsi kirusi kinavyofanya kazi ndani ya seli ni jambo linaloelezwa mara chache. Kirusi hiki kina jeni 9 tu, ilhali binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Kinamshindaje?

Ichukulie seli ya kinga, ile iitwayo CD4, kuwa kibanja cha migomba. Kila siku seli huondoa protini zilizochakaa. Kwanza huibandika protini husika alama, nayo ni protini ndogo iitwayo yubikwitini. Kisha chombo kiitwacho proteasomu huikatakata yenye alama, na vipande vyake hutumika tena. Ni kama wakulima walivyopambana na mnyauko: mgomba ulioonekana kuugua uling'olewa ili mingine ipone.

Sasa tuseme mgomba wa kung'olewa hufungwa utepe, na mwenye hila anaingia usiku na kuufunga kwenye migomba mizima. Asubuhi vibarua wanaing'oa kwa bidii, wakiamini wanaokoa shamba.

Hila hiyo ndiyo kazi ya protini ya VVU iitwayo Vif. Inayolengwa ni APOBEC3G, mlinzi aliyetambuliwa mwaka 2002. Akiachwa, hujipenyeza ndani ya virusi vipya, na vikifika kwenye seli nyingine mlinzi huyo huvuruga maandishi ya jeni za virusi hivyo, vikashindwa kuzaana. Vif humkamata na kumfikisha kwenye mitambo ya seli ya kubandika alama, naye hukatwakatwa.

Protini nyingine, Vpu, humwondoa tetherini, ambaye kazi yake ni kuvifunga virusi vipya kwenye ukuta wa seli kama mbuzi kambani. Nef nayo huvuta ndani baadhi ya protini za HLA, zile zinazotundikwa nje kuonyesha kilichomo ndani ya seli. Zikipungua, askari wa kinga hupita bila kushtuka. Hata protini ya CD4 iliyo juu ya seli, mlango ambao kirusi kiliingilia, huondolewa, na virusi vipya hutoka bila kunasa hapo.

Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha vipimo vya zaidi ya protini 6,000 katika seli zilizoambukizwa, wakifuatilia ipi inashuka na ipi inapanda kadiri saa zilivyopita. Waligundua kwamba Vif haimwindi APOBEC3G peke yake. Huharibu pia sehemu za kimeng'enya PP2A, kinachosaidia kuwasha na kuzima kazi nyingi za seli. Kwa hiyo kirusi huvunja ulinzi na kuvuruga mwendo mzima wa kibanja.

Dawa za ARV haziwarudishi walinzi waliokwisha kung'olewa. Dolutegravir, kwa mfano, hukizuia kirusi kujipachika kwenye jeni za seli mpya. Seli nyingi zilizokwisha kuambukizwa hufa, na zinazozaliwa baadaye hukua na walinzi wao kamili. Lakini chache hulala kwa miaka na kirusi ndani yake, tayari kuamka dozi ikikatwa. Ndiyo maana mwenye VVU aliye na afya njema bado anaambiwa asiache kidonge.

Kufikia mwaka 1996 Bukoba mjini ilikuwa imeshuka hadi watu 13 wenye VVU katika kila 100, na Muleba hadi takribani 7. Vifo vilichangia kushusha hesabu hiyo, lakini maambukizi mapya nayo yalipungua, tena miaka 8 kabla ya serikali kuanza kutoa ARV bure mwaka 2004. Wazazi wetu walifanya hivyo bila kidonge. Sisi tunacho, na kipimo ni cha dakika chache. Ung'oaji wa walinzi ndani ya seli hauna sauti, na mtu anaweza kukaa miaka bila kuhisi lolote. Usingoje mwili ukuambie. Nenda ukapime.