MWAKA 1960: MWAKA WA BENDERA KUMI NA SABA

Muhula uliopita Chama chetu cha Historia kilifanya mdahalo, na mada ilikuwa hii: Mwaka 1960 ulikuwa mwaka wa furaha kwa Afrika. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Nilizitaja nchi 17 zilizopata uhuru mwaka ule, kila moja na tarehe yake, bila kutazama karatasi, nikapigiwa makofi mengi. Kisha akasimama mdogo wetu mmoja wa kidato cha pili, akauliza kwa adabu, "Kaka, ikiwa ulikuwa mwaka wa furaha, mbona Kongo iliharibika kabla ya majuma mawili kwisha?"

Nilinyamaza kimya. Tarehe nilikuwa nazo, lakini sababu sikuwa nayo. Tulishindwa, tena kwa haki. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma vitabu vya maktaba yetu kila nipatapo nafasi, na makala haya ndiyo jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Kwanza nieleze kwa nini nchi nyingi namna ile zilipata uhuru kwa pamoja. Vita vya 1939 mpaka 1945 viliziacha Uingereza na Ufaransa zimechoka na zina madeni. Ufaransa ilishindwa vitani Vietnam mwaka 1954, na mwaka huo huo vita vingine vikaanza Algeria. Mwaka 1958 Jenerali de Gaulle aliyauliza makoloni yake ya Afrika kama yanataka kubaki chini ya mwavuli wa Ufaransa. Gine peke yake, ikiongozwa na Sékou Touré, ilikataa, ikapata uhuru mara moja. Wengine walipoona jirani yao amekaa katika Umoja wa Mataifa kama mtu mzima, nao wakataka vivyo hivyo. Basi katika nchi 17 za mwaka 1960, 14 zilikuwa chini ya Ufaransa. Kati ya tarehe 1 na 17 Agosti peke yake zilipata uhuru nchi nane, kuanzia Dahomey, ambayo leo ni Benin, mpaka Gaboni.

Waingereza nao waliona mambo yamegeuka. Tarehe 3 Februari Waziri Mkuu wao, Harold Macmillan, alisimama katika Bunge la Cape Town akawaambia makaburu kwamba upepo wa mabadiliko unavuma katika bara hili, wapende wasipende. Hawakumsikia. Tarehe 21 Machi, huko Sharpeville, watu walikwenda kituo cha polisi bila vitambulisho vyao vya kupitia, ili kuipinga sheria ile. Polisi walifyatua risasi, wakaua watu 69, na wengi wao walipigwa mgongoni walipokuwa wakikimbia. Kwa hiyo hata kabla ya kufika Kongo, mwaka ule ulikuwa na kilio ndani yake.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Ubelgiji iliitawala Kongo kama mtu anayetaka kukaa milele. Iliwafundisha watoto wengi kusoma katika shule za msingi, lakini ikawafungia mlango wa juu. Siku ya uhuru, Wakongo waliokuwa wamehitimu chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi kubwa kuliko Tanganyika zaidi ya mara mbili. Katika jeshi hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Mkutano wa Brussels wa Januari na Februari 1960 ulipanga uhuru uwe tarehe 30 Juni. Yaani miezi mitano tu.

Patrice Lumumba akawa Waziri Mkuu, na Joseph Kasavubu Rais. Siku tano baada ya sherehe, mkuu wa jeshi Jenerali Janssens, Mbelgiji, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari wakaasi. Tarehe 11 Julai jimbo la Katanga, ambako Kiswahili husemwa na ambako shaba huchimbwa, likajitenga chini ya Moïse Tshombe, likisaidiwa na Wabelgiji. Lumumba aliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Majeshi yakaja, lakini yakakataa kuirudisha Katanga kwa nguvu. Alipowageukia Warusi, Marekani ikamhesabu kuwa adui. Na mambo hayo yalitokea wakati mbaya, maana tarehe 1 Mei Warusi walikuwa wameitungua ndege ya upelelezi ya Marekani, na mkutano wa wakubwa wa Paris ukavunjika. Mafahali wawili walikuwa wakipigana, na Kongo ikawa nyasi.

Septemba Lumumba aliondolewa, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa huko Katanga. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika kifo hicho. Mwaka 2022 ikawarudishia jamaa zake jino moja, ndilo lililobaki la mwili wake.

Wako wasemao kwamba Kongo iliharibika kwa sababu watu wake hawakuwa tayari. Nami nauliza, ni nani aliyewanyima elimu? Aliyemfunga mtu miguu hawezi kumcheka kwa kuwa hakimbii.

Mwaka ule ule Afrika ilionyesha pia kwamba aliyejitayarisha hushinda. Tarehe 10 Septemba, huko Roma, askari wa Ethiopia, Abebe Bikila, alishinda mbio za marathoni miguu mitupu, akipita karibu na mnara wa mawe wa Aksum ambao Waitalia waliunyang'anya nchini kwake. Ushindi ule haukupatikana usiku mmoja. Aliufanyia mazoezi muda mrefu. Na tarehe 14 Desemba, Umoja wa Mataifa, ukiwa na wanachama wapya 16 wa Afrika, ulipitisha azimio kwamba ukoloni ukomeshwe. Kura 89 zilikubali, hakuna aliyepinga, na tisa hawakupiga.

Basi, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Furaha na msiba wa 1960 vilitoka katika shina moja: wakoloni waliondoka upesi, lakini wengine waliacha mlango wa elimu umefungwa na mkono wao bado umo katika mali. Bendera hupandishwa kwa dakika moja. Mwalimu, daktari na mhandisi huchukua miaka.

Wazee wetu walilijua hilo. Oktoba 1961, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru tarehe 9 Desemba, Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 20, ndani ya jengo la TANU. Mtaa ule leo unaitwa Mtaa wa Lumumba. Wenzangu mtakaopita pale likizo hii, litazameni jina hilo, kisha mrudi na vitabu vyenu.