Plasta Isiyoandikwa Jina

Kijana amevunjika mkono. Amefungwa plasta nyeupe, na asubuhi ya siku ya kufungua shule mama yake anamsihi achukue kalamu ya wino, awaombe wenzake waandike majina yao juu yake. Siku inasonga na plasta ni nyeupe vilevile. Anayekuja kuandika hatimaye ni mwanafunzi mwingine asiye na rafiki, Connor Murphy, naye anaandika jina lake kwa herufi kubwa zinazojaza upande mzima. Jina la pili halipatikani.

Hapo ndipo tamthilia ya muziki ya Dear Evan Hansen iliponinasa, na haijaniachia hadi leo.

Niliisikia kabla ya kuiona. Rafiki alinitumia nyimbo zake kwenye simu, nikazisikiliza ndani ya matatu ya kutoka Kisii kwenda Nyamira, mvua ya alasiri ikipiga vioo kama ilivyo kawaida yake huku kwetu. Nilikuwa nimebanwa katikati ya watu, kuku wa jirani yangu akijitikisa miguuni pangu, kondakta akiita abiria wengine waingie. Masikioni mwangu kijana wa Kimarekani wa miaka 17 alikuwa akiimba jinsi anavyoyatazama maisha ya wenzake kutoka upande wa pili wa dirisha. Nilishuka nikiwa nimenyamaza. Nilimjua kijana yule. Nimelala naye bweni moja.

Kwa asiyeifahamu, muziki na maneno ya nyimbo ni ya Benj Pasek na Justin Paul, na hadithi imeandikwa na Steven Levenson. Ilianza Washington mwaka 2015, ikafika Broadway mwezi Desemba 2016, na mwaka uliofuata ikanyakua tuzo sita za Tony, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki. Ilishushwa Broadway Septemba 2022. Filamu yake ilitoka mwaka 2021, na wengi wetu tulio mbali na New York tumeifikia kwa njia hiyo.

Evan ana wasiwasi wa kupindukia. Mtaalamu anayemtibu amemwambia ajiandikie barua za kujitia moyo. Connor anaipata moja ya barua hizo, anakasirika, anaondoka nayo, na siku chache baadaye anajitoa uhai. Wazazi wake wanaikuta barua mfukoni mwake. Inaanza kwa jina la Evan, kwa hiyo wanaamini mwana wao alikuwa na rafiki. Evan anajaribu kusema sivyo, anashindwa. Mama aliyefiwa anamtazama kwa matumaini, naye anampa anachokitaka: habari za urafiki ambao haukuwahi kuwepo. Uongo unakua, unaingia intaneti, unampatia Evan nyumba ya pili, mpenzi na umaarufu.

Wapo wanaoikataa tamthilia hii kwa sababu hiyo. Wanasema kijana anawadanganya wafiwa halafu haadhibiwi. Nimelisikia shutuma hili mara nyingi na bado naona linakosa shabaha. Uongo wa Evan usingesimama hata siku moja kama wengine hawakuuhitaji. Wanafunzi ambao hawakuwahi kumwamkia Connor wanajitokeza kumlilia, kila mmoja akitaka kipande chake cha huzuni. Wazo lenyewe lilitoka maishani: Pasek alipokuwa shule ya upili, mwanafunzi mwenzake alifariki, na watu ambao hawakuwa wakimjua wakaanza kudai kwamba walikuwa marafiki zake.

Sisi tunalijua jambo hilo. Kijana wa shule akifa huku Gusii, basi la shule linafika nyumbani limejaa sare. Mwakilishi wa wanafunzi anasimama mbele ya jeneza, chini ya hema, na kusoma karatasi: alikuwa mchangamfu, mwenye bidii, rafiki wa wote. Nimesimama kwenye mazishi ya namna hiyo nikijua kwamba marehemu alikula chakula chake peke yake muhula mzima. Simlaumu aliyesoma. Alipewa karatasi. Ila nilitamani mmoja wetu angethubutu kusema: hatukumjua, na tunaomba radhi.

Huenda msomaji akauliza upweke wa vijana umetokea wapi katika nchi iliyojaa watu kama yetu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, nasi sote tunajua jinsi mashamba yalivyokatwa vipande. Jirani akikohoa usiku unamsikia. Mtoto wa hapa hakosi watu wa kukaa nao. Anachokosa ni wa kumwambia.

Mila yetu ililijua hilo na iliwahi kulipangia njia. Tuna chinsoni, haya na staha inayowekwa kati ya kizazi kimoja na kinachofuata. Mvulana akishatahiriwa, kuna maneno ambayo hayatamki mbele ya baba yake, wala baba hayatamki mbele yake. Msichana na mama yake vilevile wana mipaka yao. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Gusii miaka ya 1950, aliandika mengi kuhusu staha hii, na mgeni anayeisoma huenda akadhani wazazi wetu walikuwa na mioyo migumu. Hawakuwa. Mlango uliofungwa kwa baba ulikuwa wazi kwa babu na bibi. Kwa magokoro, yaani bibi, mtoto alitaniana, alicheka, aliuliza la mwili na la moyo bila kuvunja heshima ya mtu. Vijana nao walikuwa na esaiga, nyumba yao, ambamo aliyenyamaza siku tatu aliulizwa kulikoni.

Sasa tumeibakiza haya, na wale waliokuwa wakiipoza tumewaacha nyuma. Mtoto anapelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, magokoro anabaki kijijini, na baba anayempeleka hadi lango kuu anampa nauli na neno moja: soma. Bweni lina vitanda vya ghorofa na vijana mia, lakini sio esaiga. Mtoto mkimya huko hupewa sifa. Ripoti ya muhula inasema ana nidhamu, hana fujo. Mzazi anaisoma na kufurahi.

Nililala katika bweni la namna hiyo, na kitanda cha juu yangu kililaliwa na mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja. Siku ya wazazi, sisi wengine tulipotawanyika chini ya miti na vyombo vya ebitoke, yaani ndizi, na kuku, yeye alikuwa akifua soksi. Kila muhula alikuwa na soksi za kufua siku hiyo. Hakuna aliyemtesa. Tulimpita tu. Nilikuwa na chakula cha kutosha watu watano na sikumwita. Nilipomsikia Evan kwenye matatu, soksi zile ndizo zilizonijia kwanza.

Ndiyo maana moyo wa tamthilia hii, kwangu, hauko kwenye wimbo wa matumaini unaopendwa zaidi, ule unaofunga sehemu ya kwanza na kuwatoa watu machozi. Ni mzuri, na unafanya kazi yake. Moyo wake ni Heidi, mama ya Evan. Mume aliondoka mtoto akiwa mdogo. Heidi anafanya kazi hospitalini kama msaidizi wa wauguzi na jioni anasomea sheria, hivyo mara nyingi Evan hula peke yake, au hali kabisa. Anampenda mwanawe kupita kiasi na hajui aanzie wapi kumfikia. Mama wangapi wa Keroka na Kebirigo wako hivyo? Anachuma majani chai tangu alfajiri, anauza mboga sokoni jioni, karo inalipwa kidogo kidogo, na mtoto anakua akiwa jirani wa maisha ya mama yake.

Karibu na mwisho, ukweli ukiwa umeshatoka, Heidi anaketi na mwanawe na kumwimbia habari ya siku ambayo baba alikuja na lori kuchukua vitu vyake. Mtoto alilifurahia lori. Usiku ule akauliza kama lingekuja lori jingine kumchukua mama. Rachel Bay Jones alipata tuzo ya Tony kwa kumwigiza Heidi, na alistahili. Hapigi kelele. Anasimulia kama mama anayekunja nguo.

Kwa sababu hiyo filamu iliniuma. Kwenye jukwaa, tamthilia inafunguliwa na mama wawili, wa Evan na wa Connor, wakiimba jinsi walivyopotea katika kazi ya kulea. Filamu iliukata wimbo huo. Watu walilalamikia umri wa Ben Platt, aliyemwigiza Evan, kwamba alikuwa amepita miaka ya kuigiza mwanafunzi, lakini hilo naweza kulivumilia. Kuwaondoa mama wale mlangoni ni kosa kubwa zaidi, kwani bila wao hadithi inageuka kuwa ya kijana mmoja na uongo wake.

Kasoro ya tamthilia yenyewe ni Connor. Anakufa mapema, na anaporudi jukwaani anarudi kama Evan anavyomtunga. Wanamsemea wote: mwongo, dada, wazazi, intaneti. Sisi watazamaji tunatoka bila kujua alikuwa nani, na tamthilia inayotuonya tusiwapite vijana wa aina yake inampita yeye. Najua ndivyo kifo kilivyo. Bado ningetaka wimbo mmoja ulio wake kweli.

Kuna jambo jingine ambalo Mkenya analisikia kwa namna yake. Evan anawaambia watu kwamba alivunjika mkono kwa kuanguka kutoka kwenye mti. Baadaye tunaelewa kwamba aliuachilia. Anaificha siri hiyo hata kwa mama yake. Kwetu, kijana aliyesema siri hiyo kwa sauti alikuwa akikiri kosa: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria Evan na mti wake. Mtu hawezi kumwomba mtoto aseme huku amemshikia pingu.

Sasa ombi langu, na nalielekeza kwa walimu wa tamthilia wa Kisii na Nyamira. Kila muhula wa kwanza shule zetu hupanda kutoka kaunti hadi eneo la Nyanza, na waliobahatika hufika tamasha la kitaifa. Tuna vipaji, tuna ngoma, tuna obokano ambayo nyuzi zake nane zinaweza kubeba huzuni ya kijana kuliko gitaa lolote. Aprili 2025, pale Nakuru, nchi nzima iliona jinsi tamthilia ya wasichana wa Butere, Echoes of War, ilivyoweza kuwatikisa wakubwa. Michezo ya ufisadi na uongozi tunaijua kuiandika. Nimeona michache mno kuhusu mtoto anayefua soksi siku ya wazazi.

Msiinakili Dear Evan Hansen. Andikeni yenu, kwa Kiswahili au Ekegusii, na mumpe magokoro nafasi jukwaani, kwa kuwa Wamarekani hawakuwa naye. Muandike mkiwa na mwalimu wa ushauri nasaha karibu, maana miongoni mwa waigizaji wenu atakuwepo ambaye haigizi.

Na wewe mwanafunzi unayesoma gazeti hili likiwa limefungiwa maandazi, kama plasta yako haina jina hata moja, namba ya watoto nchini Kenya ni 116. Kupiga simu ni bure, mchana na usiku.