Siku moja juu ya maji: mama naye apumzike

Kwenye meli kubwa za watalii, zile zinazozunguka Bahari ya Mediteranea au visiwa vya Karibiani, kuna siku ambayo abiria wengi huipenda sana. Ni siku ambayo meli haisimami katika bandari yoyote. Tangu asubuhi mpaka jioni ni maji tu. Hakuna soko la kuzunguka, hakuna mahali pa kukimbilia. Mtu analala mpaka usingizi uishe, anakaa kwenye kiti akitazama mawimbi, anakula chakula kilichopikwa na mwingine, na vyombo haoshi.

Mama, soma tena maneno yale ya mwisho. Kinachompumzisha mtu yule si ukubwa wa meli. Ni kwamba kazi imetoka mikononi mwake kwa siku nzima, na hakuna anayemwita.

Wengi wetu hatutapanda meli ya namna ile. Lakini sisi wa Kivu tuna maji yetu. Ziwa Kivu lina karibu kilometa za mraba 2.700, nalo liko juu milimani, karibu mita 1.460 kutoka usawa wa bahari. Katikati yake kuna Idjwi, kisiwa cha mananasi na kahawa. Karibu na Goma kuna kisiwa kidogo cha Tchegera, chenye umbo la mwezi mchanga, kwa sababu ni ukingo wa volkano ya zamani. Jioni wavuvi wa sambaza huingia ziwani na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikiwaka, wakipiga makasia huku wakiimba.

Kuna wageni wanaotoka mbali kuja kutazama hayo. Sisi tunayapita tukiwa tumekaa juu ya magunia, tukihesabu mizigo na watoto. Kwetu ziwa ni njia ya kazi. Je, kikundi cha wamama hakiwezi kulifanya mahali pa mapumziko, hata siku moja kwa mwaka, wakati njia ya maji ni salama? Kinaweza. Ila mambo mawili yanapaswa kuondolewa kwanza: hofu na kazi.

Kwanza, hofu itoke

Hofu yetu ina sababu. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa ukingoni wanatazama. Ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi. Siku zile vita vilikuwa vimefunga barabara ya Minova, na wachuuzi wengi hawakuwa na njia ingine ila ziwa. Watu kwa makumi walikufa.

Hata meli za kitajiri zimejifunza kwa machozi. Mwaka wa 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Baadaye sheria za kimataifa zilibadilishwa: tangu mwaka wa 2015, abiria wapya hufundishwa mambo ya hatari kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mapumziko yao huanza na jile, lile koti la kuokoa maisha. Yetu pia yaanze hapo.

Kabla ya kutoa franga hata moja, wamama wawili waende kuona boti kwa macho yao. Wahesabu majile. Kila mtu awe na lake, na watoto wawe na ya kipimo chao. Ukimvalisha mtoto, shika jile mabegani na uvute juu: likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno, litamtoka majini. Jile lililofungiwa kwenye sanduku halisaidii. Livaliwe tangu mnapopanda. Mwenye boti akitaka kuongeza watu wa njiani, kataeni, hata kama mmekwisha kulipa.

Na hili wengi hatulifikiri: ndani ya boti, usimfunge mtoto mgongoni kwa kitenge. Jile limetengenezwa ili likulaze chali, uso wako ubaki juu ya maji. Mtoto aliye mgongoni atakuwa chini yako, ndani ya maji. Mpakate mbele, bila kumfunga, naye avae jile lake dogo. Kama hakuna jile linalomtosha, abaki nyumbani na bibi yake siku hiyo.

Ulizeni wavuvi habari za upepo. Ondokeni asubuhi, rudini kabla ya giza. Mkishuka ukingoni upande wa Goma, ulizeni wenyeji wapi pana mazuku, ile hewa mbaya inayokaa mabondeni na kwenye mashimo. Haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana mtoto aliyelala chini huumia kabla ya mtu mzima aliyesimama. Tandikeni mikeka mahali palipoinuka, penye upepo.

Pili, kazi itoke

Matembezi mengi huharibika hapa. Tunahamisha jiko. Mama anapika sombe tangu saa kumi ya usiku, anabeba sufuria, anapakulia watu wote, anaosha, anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyotoka.

Basi mpange mapema. Chakula kiwe chepesi na kiandaliwe jana yake: sambaza za kukaanga, ndizi, mananasi, chai ndani ya termosi, maji safi ya kutosha. Kila mmoja ajipakulie. Watoto wakubwa wabaki na baba zao. Baba akiambiwa mapema hana sababu ya kukataa. Wadogo wakija, wamama wawili wakae zamu ya saa moja, macho yao yasitoke kwa watoto, kisha wawili wengine wawapokee. Wanaobaki wako huru kabisa. Asiwepo wa kuwaita.

Siku hiyo msifanye mkutano, wala msisome hesabu za chama. Simu moja tu ibaki wazi kwa habari za haraka.

Mwenye kichefuchefu akae katikati ya boti, panapotikisika kidogo, na atazame mbali, mahali ambapo maji na mlima vinakutana. Tangawizi kidogo husaidia. Usipande na tumbo tupu, wala usilijaze. Funika kichwa, maana jua la ziwani huchoma mara mbili: kutoka juu na kutoka kwenye maji.

Mwanzo uwe juma hili

Kwenye mkutano wenu ujao, mkimaliza likirimba, kila mama aseme: ni lini alipumzika siku nzima bila kuugua? Wengine watacheka, wengine watanyamaza. Kisha chagueni mwezi, ulizeni bei ya boti, gawanyeni kwa idadi yenu, na kila mmoja aanze kuweka franga kidogo kila juma. Andikeni pia majina ya wamama wawili watakaokwenda kuhesabu majile.