Historia ya Sketi Ndani ya Violezo vya Karatasi

Kiolezo cha kushonea ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la kipande cha nguo, ambayo mshonaji huilaza juu ya kitambaa, akaibana kwa pini na kukata kwa kuifuata. Biashara ya violezo vyenye saizi mbalimbali ilishamiri Marekani kuanzia mwaka 1863, pale Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Sterling, Massachusetts, alipoanza kuviuza. McCall ikafuata mwaka 1870 na Simplicity mwaka 1927. Kabla ya hapo, mwanamke aliyeshona nyumbani mara nyingi alifumua gauni kuukuu ili apate umbo la vipande vyake. Violezo hivyo vya zamani vinastahili kuhesabiwa miongoni mwa kumbukumbu bora za mavazi, kwa sababu picha huishia kwenye sura ya nje ya sketi, ilhali karatasi hufichua jinsi upana wake ulivyopatikana na kitambaa kilichotumika.

Violezo vya miaka ya 1920 vina vipande vinavyokaribia kuwa mistatili, kwa kuwa gauni lilishuka wima na kiuno kikateremshwa hadi nyongani. Katika miaka ya 1930 vipande vilipinda na kurefuka, huku mishale iliyoonyesha mwelekeo wa nyuzi ikilazwa mshazari. Kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazopita kwa upana. Kikikatwa mshazari baina yake hunyumbuka, kikalala mwilini bila kubana, na pindo likachanua lenyewe. Madeleine Vionnet, mbunifu wa Paris, ndiye aliyeufikisha ukataji huo kwenye ubora ambao mafundi wanauchunguza hata leo.

Vita Kuu ya Pili ilipunguza yote hayo. Uingereza ilianza mgao wa nguo mwaka 1941, na mwaka uliofuata Marekani ikatoa amri ya L-85 iliyowekea mipaka matumizi ya kitambaa, hivyo violezo vya wakati huo vina sketi fupi, nyembamba, zenye marinda machache. Ndiyo maana maonyesho ya Christian Dior ya Februari 1947, yenye kiuno chembamba na sketi pana iliyoshuka chini ya magoti, yaliwafurahisha wengi na kuwakera wengine ambao bado waliishi kwa mgao.

Upana huo unapimika. Sketi ya duara kamili, iliyopendwa sana katika miaka ya 1950, ikiwa ya kiuno cha sentimita 66 na urefu wa sentimita 70, huwa na pindo lenye mzunguko wa takriban mita 5. Na kwa kuwa vitambaa vingi vya wakati huo vilikuwa na upana wa karibu sentimita 90, ilibidi ikatwe kwa nusu duara mbili, zilizohitaji zaidi ya mita 3 za kitambaa. Mwaka 1955 Dior alileta umbo la herufi A, jembamba juu na linalotanuka taratibu kwenda chini, na katika miaka ya 1960 umbo hilo likafupishwa hadi juu ya magoti, kiolezo kikabaki na vipande vichache na vidogo.

Anayetaka kushona kwa kiolezo cha zamani asiitegemee namba ya saizi iliyo kwenye bahasha. Kifua cha inchi 34, yaani takriban sentimita 86, kiliitwa saizi 16 katika miaka ya 1940, kikawa 14 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 1968 kikawa 12, kwa hiyo kipimo cha kifua na cha kiuno ndicho cha kufuatwa. Violezo vingi vya awali havikuwa na maandishi yoyote, bali matundu yaliyotobolewa kuonyesha mwelekeo wa nyuzi na mahali pa kukunja, na karatasi yake ni nyepesi mno kustahimili pini mara nyingi. Inafaa kwanza kila kipande kinakiliwe kwenye karatasi ngumu, pamoja na matundu yake yote, kisha nakala hiyo ndiyo ipelekwe kwenye kitambaa.