Detekta ya dhahabu: tazama udongo kabla ya bei

Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya anayetaka kutia mtaji wake kwenye detekta hana budi kujua kwanza: dhahabu ya eneo lake ni ya vipande au ya vumbi? Dhahabu ya vumbi iliyotawanyika ndani ya mwamba hainaswi na detekta. Mwenye eneo hilo atafaidika zaidi na karasha.

Palipo na vipande, sokoni kuna mashine za aina kuu mbili. Za mawimbi mfululizo, kama Minelab Gold Monster 1000 ya kilohezi 45, ni nyepesi, bei nafuu, na hunasa vipande vidogo karibu na uso wa ardhi. Lakini udongo mwekundu wenye chuma kingi huzisumbua. Hapo mashine za mapigo, kama GPX 5000, huhimili zaidi na hufika chini zaidi, ingawa ni ghali na hazitofautishi vizuri dhahabu na msumari.

Kabla ya kulipa, fukia kipande kidogo cha dhahabu katika udongo wako, uijaribu mashine hapo. Leseni ya uchimbaji nayo itangulie risiti.