Nyumba Njema Si Mlango: Joto, Moshi na Mbu Ndani ya Nyumba Zetu

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Leo nalichukua neno hilo kama lilivyo, nizungumzie nyumba yenyewe. Hapa Garsen, Minjila, Ngao hadi Tarasaa, nyumba inayosifiwa ni ya kuta za matofali na paa la mabati. Tangu mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, familia nyingi za kandokando ya Mto Tana zimelazimika kujenga upya, na anayepata senti kidogo haulizi makuti, anauliza bei ya mabati.

Simlaumu. Makuti hushika moto, huvuja na huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Shida ni kwamba tulibadilisha paa, tukaacha kubadilisha mambo yanayoandamana nalo. Sasa tunaugua ndani ya nyumba tulizojenga ili tupate afueni.

Tuanze na joto. Bati ni jembamba. Jua likilipiga saa sita, uso wake wa chini nao huwa moto, na joto hilo huwashukia waliokaa chini yake. Makuti ni matabaka yaliyoshika hewa katikati, ndiyo maana joto hupenya kwa shida. Usiku bati hupoa haraka, lakini kuta za matofali zilizoota jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi mpaka likauke. Chumba chenye kidirisha kimoja, kilichofungwa kwa kuogopa wezi na mbu, hewa haitembei, jasho halikauki na usingizi hauji. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo na presha.

Joto hilo hilo hutuletea malaria. Watafiti waliowauliza watu wa nchi mbalimbali kwa nini hawalali ndani ya chandarua wamesikia jibu moja kuliko mengine: joto. Chandarua alichopewa mama kliniki kipo, kimefungwa fundo juu ya kitanda, kwa sababu ndani yake hakulaliki. Wengine hutoa magodoro nje. Na mbu wa malaria huuma hasa usiku. Mto ukifurika na kuacha madimbwi, hakosi pa kuzaliana.

Mbu huyo hupenda kuingilia penye upenu, kwenye ule mwanya kati ya ukuta na paa. Lakini mwanya huo ndio pia uliokuwa ukitoa joto na moshi. Fundi wa siku hizi huuziba. Ukiuziba, umemfungia mbu njia moja, lakini umeifunga na pumzi ya nyumba. Na mlango usiokaa sawa kwenye fremu humwachia mbu njia nyingine. Majaribio ya vijijini Gambia yalionyesha hivyo hivyo: nyumba za mabati zilizozibwa upenu zilikuwa na joto kuliko za nyasi zilizoachwa wazi, na milango yenye mapengo iliendelea kuingiza mbu. Milango ilipotengenezwa vizuri na kuwekewa wavu, mbu walipungua sana.

Kwa hiyo hatulazimiki kuchagua kati ya joto na mbu. Kinachofungua fundo hili ni wavu. Huko huko Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa wavu na zisizowekewa. Katika zisizo na wavu, watoto 30 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, ambao malaria ni mojawapo ya vyanzo vyake vikubwa. Katika zilizowekewa walikuwa 19. Matokeo yalikuwa hayo hayo hata pale ulipotandazwa wavu wa dari peke yake, chini ya paa.

Wazee wetu hawakuwa na vipimo, lakini hewa waliijua. Nyumba ya Waorma, ya duara, ya fito na mikeka, kazi ya akina mama, hupitisha upepo na huhamishika mifugo ikihama. Nyumba za nyasi za Wapokomo ziliacha moshi upenye paani. Kule Lamu, kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia joto la mchana, na kiwanda, ule ua wa ndani usioezekwa, huvipa vyumba hewa na mwanga. Vifaa mbalimbali, kanuni moja: hewa iingie huku, itokee kule.

Moshi nao ni adui wa ndani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wake, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mtoto aliyefungwa mgongoni huvuta kile anachovuta mamake. Mkaa nao usikudanganye kwa kukosa moshi: ukiwashwa chumbani hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua waliolala.

Halafu unyevu. Mafuriko yakishapungua, ukuta huonekana mkavu kwa nje huku ndani umelowa. Hapo huota kuvu, yale madoa meusi nyuma ya kabati. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2009 ulieleza kuwa wakaao kwenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na pumu na matatizo ya kupumua. Ukirudi kutoka kambini, toa tope lote, acha milango na madirisha wazi mpaka kuta zikauke, na godoro lililolala majini usilihurumie. Usipige plasta wala rangi ukuta ungali na maji. Utakuwa umefunika kidonda kibichi.

Mwenye fedha kidogo aanze na nini? Ningeanza na mlango ukae sawa, halafu madirisha mawili yanayoelekeana, yenye wavu, yapokee kusi na kaskazi. Upenu uachwe wazi lakini uwekewe wavu. Dari ifuate, hata ya mikeka, iachiwe nafasi chini ya bati. Jiko liwe na banda lake, mbali na wanapolala watoto. Na mwembe au mwarobaini upandwe upande wa jua la alasiri. Kivuli chake hakina bili.

Kwa serikali ya kaunti na mashirika yanayogawa mabati baada ya kila gharika, nina ombi moja: kila mgao wa mabati uandamane na wavu na mafunzo kwa mafundi wa vijijini. Familia iliyopewa mabati 20 bila hayo imepewa nusu ya nyumba, na nusu iliyobaki itailipia zahanati.