Mwanao Aliye Ughaibuni Hajarogwa, Amekosa Mwanga

Kila ikikaribia Krismasi, maswali ya wazazi huanza kufanana. Kijana alipata ufadhili wa kusoma shule ya kimataifa Ulaya. Agosti alikuwa akipiga simu kwa bashasha; sasa hapokei. Usiku yu macho, mchana anasinzia darasani, alama zinashuka, analia bila sababu. Je, kuna mtu ameichezea nyota yake? Wapo ambao, kabla hata ya kuuliza, wamekwisha kumtumia mganga pesa kwa simu ili "amsafishe" mtoto aliye Norway.

Tubaki huko huko Norway. Chuo cha kimataifa cha UWC kilichopo Flekke, magharibi mwa nchi hiyo, kimekuwa kikipokea vijana kutoka pembe zote za dunia tangu 1995. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote ya mwaka hauuzidi ule mfupi kwa saa nzima. Flekke, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama saa tisa na nusu hivi alasiri. Wengine husema hali ya kijana huyu ni uchovu wa ndege. Uchovu gani wa ndege, miezi minne baada ya kutua, tena kwa tofauti ya saa mbili tu?

Jibu liko nyuma ya jicho. Kwenye retina, mbali na seli zinazotuwezesha kuona, kuna nyingine chache zenye kemikali iitwayo melanopsini. Hizi kazi yake kubwa ni kupima mwanga, hasa wa samawati, na kupeleka taarifa kwenye kifundo cha seli za neva zipatazo 20,000, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Hapo ndipo ilipo saa kuu ya mwili. Wapo vipofu wasioona chochote ambao saa yao huenda sawasawa, kwa kuwa seli hizi kwao bado ni hai!

Saa hiyo ikiachwa yenyewe, kwa watu wengi mzunguko wake huzidi kidogo saa 24. Kwa hiyo huchelewa kila siku, na kinachoisogeza mbele ni mwanga wa asubuhi. Mwanga wa usiku huichelewesha zaidi, na kuizuia melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kijana wa miaka 17 tayari saa yake imechelewa kwa sababu ya balehe. Sasa anaingia darasani kukiwa giza. Taa za darasa hutoa luksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500; nje mchana, hata chini ya mawingu, mwanga huzidi huo mara kadhaa, ila jicho hujirekebisha na hatuhisi tofauti. Usiku anakodolea simu. Saa itaachaje kuteleza?

Hisia nazo hufuata. Norman Rosenthal, daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini, alihamia Marekani na kujiona akiishiwa nguvu kila majira ya baridi. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaieleza kitaalamu sonona ya majira. Hakwenda kupigiwa ramli.

Na ile hadithi ya "damu ya Mwafrika haiwezi baridi" tuiache. Chenye ukweli ni ngozi: melanini nyingi, yaani rangi asilia ya ngozi, hupunguza utengenezaji wa vitamini D, na Norway majira ya baridi miale ya urujuanimno inayohitajika karibu haipo kabisa.

Basi: kijana atoke nje kila siku kukipambazuka, walau nusu saa. Taa maalumu ya luksi 10,000 asubuhi husaidia. Mwenye ugonjwa wa macho au wa akili amuulize daktari kwanza. Simu izimwe mapema. Vitamini D anywe kwa ushauri wa muuguzi wa shule, si zile chupa zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Huzuni ikizidi wiki mbili, amwone mtaalamu. Akitaja kujidhuru, asingoje hata siku moja.

Nawe mzazi, mpigie mwanao mchana, usimkeshe kwa maongezi ya usiku. Pesa ya mganga mnunulie taa.